Kifua cha Karani

Watu wa huku kwetu Sosiot wakimtaja Karani huanza na mizani yake. Mimi huanza na kifua chake, kwa sababu ndicho kilichoninyima amani. Mwanangu alilala juu ya kifua hicho kwa wiki tano, akanenepa, na mimi niliyemzaa nikakaa kando kwenye kiti cha plastiki nikiwatazama. Nimewahi kuona wivu wa kila aina, hata ule wa ujanani, mume wangu alipokuwa akiimba kwaya na wasichana wakakaa benchi ya mbele. Wivu niliomwonea Karani uliupita wote huo.

Alikuwa karani wa kituo cha kununua majani chai, kile kibanda cha mabati na nyavu kilicho juu kidogo ya lango letu. Wakulima walileta magunia yao alasiri, yeye akayakagua, akayatundika kwenye mizani, halafu lori likaja kuyabeba. Jina alikuwa nalo bila shaka, lakini sikuwahi kusikia mtu akilitumia. Hata mchungaji alimwita Karani alipomwomba afunge kwa sala. Kwao ni wapi, ukoo wake ni upi, sikuuliza. Nilipoolewa hapa nikitoka Chebunyo, ambako tunafuga ng'ombe na chai tunaijua ndani ya kikombe tu, nilimkuta tayari amesimama kando ya mizani hiyo na koti lake la bluu, mwanamke mpana, mrefu, asiye na haraka.

Kila mtu alimwita mkulima. Mzee wa kanisa: mkulima; mjane: mkulima; msichana aliyetumwa na mama yake na gunia kichwani: mkulima. Alikuwa na tabia ya kuingiza mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko na kuchomoa konzi ya majani ya chini kabisa, maana alijua watu huweka mazuri juu na yaliyokomaa chini. "Juu ya gunia ni sura," alikuwa akisema, "chini ndio tabia." Ukileta majani yaliyoloa mvua ili yawe mazito, hakukutukana. Alikuambia, "Kung'uta, tupime tena," na wewe ukakung'uta mbele ya watu wote, uso chini. Siku moja alirudisha majani ya shamba lake mwenyewe. Mwanawe mkubwa aliyekuwa ameyaleta alisimama pale akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha.

Na kila gunia lililopanda kwenye mizani aliliondolea kilo moja. Hiyo ilikuwa sheria ya kituo, kilo ya gunia lenyewe na unyevu wake, na wakulima waliinung'unikia kila siku ya Mungu. Mizani ikisoma kumi na nne, Karani husema kwa sauti ya chini kama anayesali, "Toa gunia," kisha hutangaza kumi na tatu. Ukibisha hukutazama tu. Nadhani hata usingizini alikuwa akitoa gunia.

Lakini nje ya kile kibanda alikuwa mtu mwingine kabisa. Kwenye majani hakuamini mtu. Kwenye mambo mengine aliamini kila alichoambiwa. Mchuuzi mmoja alimuuzia dawa ya panya ambayo ilikuwa unga mtupu, akarudi mwezi uliofuata akamuuzia tena, kwa maelezo kwamba panya wa kwanza walikuwa hawajaizoea. Tulimcheka. Nami nilicheka, na nilikuja kuutumia udhaifu huo, kama nitakavyosema.

Mwanangu Kibet alizaliwa kabla ya wakati wake, miezi saba na siku chache, kwa upasuaji. Nilimwona kwanza ndani ya sanduku la kioo, na miguu yake ilikuwa myembamba kuliko vidole vyangu vya mkono. Tulikaa hospitalini karibu mwezi mzima. Tulipoambiwa twende nyumbani alikuwa na kilo moja nukta saba, na nesi alisema wazi kwamba kazi sasa ni yetu: joto, maziwa na usafi. Akipungua au akipoa, turudi mbio. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu na siku hiyo alikuwa mpakani akingoja mzigo ukaguliwe. Mama mkwe wangu alikuwa amefariki. Mama yangu alikuwa Chebunyo akimuuguza baba. Ndipo mume wangu akampigia simu Karani, ambaye ua wake umepakana na wetu, na Karani, kwa kuwa haikuwa siku ya kununua majani, akaja hospitalini akiwa amebana mkoba kwapani kama mtu aliyeitwa kwenye mahojiano ya kazi.

Aliuliza maswali yote ambayo mimi niliona haya kuuliza. Mtoto avalishwe nini? Afungwe wapi? Kichwa kielekee upande gani? Nesi alimwonyesha: mtoto abaki na nepi, kofia na soksi tu, alazwe wima katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, shuka lizungushwe kwa nguvu, nguo zije juu. Mama afanye hivyo mchana kutwa, na akichoka mtu mwingine mzima na msafi ampokee. Karani alirudia kila neno kwa kidole, moja, mbili, tatu. Kisha akauliza, "Na mama akiwa na kidonda?"

Nilikuwa na kidonda. Mshono wangu ulikuwa umechelewa kupona. Nikimfunga Kibet kifuani, shuka lilikaza juu ya mshono na mimi nikakakamaa. Moyo ulinienda mbio. Nilihesabu pumzi zake, moja, mbili, na zikikawia kidogo nilimtikisa aamke. Basi hakulala, wala mimi sikulala, na maziwa yakaanza kupungua.

"Legea," Karani aliniambia siku ya pili. "Umejikaza kama mtu anangoja sindano."

"Nimelegea."

"Hapana. Leta yeye hapa."

Alikuwa akija asubuhi saa mbili na kuondoka saa saba kwenda kituoni. Kwanza alivua saa na pete, akaviweka kwenye kikombe juu ya kabati. Kisha alinawa mpaka kwenye kiwiko, kiwiko kilekile cha magunia, kwa sabuni ya mche, akiimba beti mbili za wimbo wa kanisa ambazo hakuwahi kuziimba kwa sauti sahihi hata siku moja. Alifungua blauzi, akampokea mtoto, akamfunga. Na Kibet, ambaye kwangu alikuwa amekunja uso tangu alfajiri, aliachia pumzi moja ndefu akalala. Kila siku. Pumzi ileile moja ndefu, na mimi nikiisikia.

Nilipaswa kushukuru, na mdomo ulishukuru. "Kongoi, Karani." Lakini moyoni nilikuwa nikisema, amenipokonya. Nilimchukia kwa utulivu wake. Nilichukia kifua chake kipana na jinsi mtoto alivyozama pale kama aliyepimiwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, tumeambiwa tangu zamani. Na utamu wake je, huo nao ni wa jirani?

Kazi yangu ilikuwa kukamua maziwa kwenye kikombe. Yeye alimshikia Kibet kikombe mdomoni, akakiinamisha kidogo, na mtoto akalamba polepole kwa ule ulimi mdogo. Maziwa yangu, mkono wake. Ilipofika zamu yangu mchana, nilimweka mtoto puani nikakuta ananukia utomvu wa majani mabichi na sabuni ya mche. Alinukia Karani. Nilimpangusa kichwa kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu mpaka harufu ikaisha, ingawa tulikuwa tumekatazwa kumlowesha. Kesho yake ilirudi.

Siwezi kukana kwamba alijua kutulinda. Alihamisha jiko la kuni likaenda nyuma ya zizi ili moshi usiingie nyumbani. Shangazi za mume wangu walipokuja na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, mmoja wao akikohoa, Karani alitoka hadi langoni akapokea kibuyu kwa mikono miwili, akasema, "Karibuni sana, lakini kikohozi kinabaki hapa." Walinuna mwezi mzima. Mimi nilifurahi, kisha nikakasirika kwa kuwa langoni kwangu ni yeye aliyesema nani aingie.

Akina mama wa kanisa hawakunisaidia. "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea," mmoja alisema akimtazama Karani kwa mapenzi. Baada ya wiki mbili, njiani nilisikia msichana akimwuliza mwenzake kama amemwona "mtoto wa Karani." Nilienda nyumbani nikalia juu ya ndoo ya nepi.

Siku ya kliniki tulienda wote wawili. Kibet alikuwa na kilo mbili nukta moja. Nesi alipiga makofi. "Aki huyu nyanya anajua kazi!"

"Si nyanya," nilisema. "Ni jirani."

"Basi mama, shukuru Mungu kwa huyu jirani."

Nesi hakunitazama tena. Alikuwa akimwuliza Karani analifunga shuka vipi, na Karani akamwonyesha, akigeuka huku na huku kama bibi harusi. Nilikaa kwenye benchi na mtoto wangu mwenye kilo mbili nukta moja na sikuona hata gramu moja ambayo ni yangu.

Asubuhi iliyofuata, akiwa ameshavua saa, nilimwambia, "Karani, jana ulipoenda msalani nesi aliniambia kitu. Sasa mtoto amefika kilo mbili, ngozi iwe ya mama peke yake. Mtu mwingine asimbebe."

"Alisema?"

"Alisema."

Kama ingekuwa ni majani, angeingiza mkono mpaka chini. Lakini hakuwa kituoni, alikuwa nyumbani kwangu, na aliamini. Alichukua lile shuka akalikunja mara nne, akaliweka juu ya kiti, akalilainisha kwa kiganja. "Amri ni amri," alisema. Alivaa saa. Alisahau pete kwenye kikombe, na hakurudi kuichukua.

Tangu siku hiyo alisimama ng'ambo ya ua kila asubuhi saa mbili kamili, mikono nyuma, asikanyage hata nyasi za upande wangu. "Mkulima amepanda?" aliuliza. Mkulima alikuwa Kibet, na kupanda kulikuwa kupanda uzito.

"Amepanda," nilijibu.

Sikuwa na njia ya kujua. Nilijua tu kwamba alikuwa akilala mikononi mwangu akiwa amechoka, na kwamba kikombe kilikuwa kikirudi na maziwa nusu. Lakini nilikuwa naye. Alinukia mimi. Nilijiambia kwamba hilo linatosha.

Siku ya saba wivu ulinipeleka mahali ambapo sikupaswa kwenda. Nilitaka Karani aone kwa macho yake kwamba mtoto ananenepa bila yeye. Nilimfunga Kibet mablanketi mawili, nikapanda na ukungu wa alasiri hadi kituoni, nikapita foleni ya watu na magunia.

"Nipimie," nilisema.

"Hii mizani ni ya majani, Mama Kibet. Na hii baridi, umemtoa aje?"

"Nipimie, Karani. Si wewe unauliza kila siku kama amepanda?"

Karani alifuta ndoano kwa leso yake mara tatu. Tulimvua mablanketi, tukamlaza kwenye khanga nyepesi, tukafunga ncha zake na kumtundika, mikono ya Karani ikiwa chini ya mtoto bila kumgusa. Namba zikacheza, zikatulia. Karani alizitazama, midomo ikatikisika kidogo, kisha akatangaza kwa ile sauti yake ya kazi:

"Moja pointi moja."

Nilianguka. Sikuketi wala kuinama. Nilianguka kwenye matope nikapiga yowe. Kilo moja nzima! Nilikuwa nimemwua mtoto wangu kwa wiki moja. Mzee mmoja kwenye foleni ndiye aliyeelewa kwanza. "Wee Karani!" alipaza sauti. "Umetoa gunia!"

Kituo kizima kikaangua kicheko. Watu walishika mbavu. Karani alijifunika mdomo kwa kiganja, na ndiyo mara pekee niliyomwona ameaibika. "Mbili pointi moja," alisahihisha. "Pole, mkulima. Pole sana. Ni mazoea." Waliniinua, wakanipangusa, nami nikacheka pia kwa sababu ya ile ahueni.

Kisha kicheko kikaisha na tukabaki tukitazamana, mimi na yeye. Mbili nukta moja ilikuwa uzani wa kliniki. Wiki nzima, na mtoto hakuwa amepanda hata kidogo. Yeye alilijua hilo na mimi nililijua. Alimfunga mablanketi, akanipa.

Kesho yake niliamka nikitetemeka. Titi la kushoto lilikuwa gumu kama jiwe na jekundu, mwili unawaka, na meno yanagongana. Nilimgusa Kibet miguu. Ilikuwa baridi. Nilimwekea kikombe mdomoni, maziwa yakateremka kwenye shavu. Saa mbili kamili sauti ikaja kutoka ng'ambo ya ua.

"Mkulima amepanda?"

"Karani, njoo! Njoo umbebe!"

Alikuja mbio hadi mlangoni, akasimama. Mguu mmoja ulikuwa juu ya kizingiti. "Nesi alikataza," alisema. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa hofu. Alitaka kuingia na hakuingia. "Ngoja nitafute gari, twende tuulize."

"Hakukataza."

"Ulisema alikataza."

"Nilidanganya."

Alinitazama. "Ulidanganya kwa sababu gani?"

Nilisema kwa Kiswahili, maana kwa Kipsigis lisingetoka. "Nilikuonea wivu. Analala kwako. Kwangu halali."

Sijui alisimama pale muda gani. Labda si zaidi ya pumzi tatu. Kisha akapita. Na hata hapo, mtoto akiwa baridi na mimi nikiwa nimeinama juu ya kitanda, alivua saa, akanawa mpaka kwenye kiwiko. Hakuimba. Alifungua blauzi, akamfunga Kibet kwa lile shuka lililokuwa bado limekunjwa mara nne kitini, akavaa koti lake la kazi juu, akapiga simu gari lije. Ndipo alipoketi kando yangu.

"Mkulima akileta maji kwa gunia mimi simfukuzi," alisema. "Anakung'uta, tunapima tena." Kisha akaongeza, "Lakini sisahau. Usidhani nasahau."

Ndani ya gari, kabla hatujafika barabara ya lami, niliisikia ile pumzi moja ndefu. Niliona wivu. Nilikuwa nachomwa na homa, nimetoka kukiri dhambi yangu, mtoto amerudi kupata joto, na bado niliona wivu. Nalisema hili kwa kuwa watu hupenda kusikia kwamba ukikiri jambo linakutoka. Halikunitoka.

Tulilazwa siku nne. Mimi nilipewa dawa, na Kibet akakaa kifuani kwa Karani mchana, na jioni, titi lilipopoa, kifuani kwangu. Yeye ndiye aliyenifundisha, akiketi nyuma yangu kitandani, mabega yangu yameegemea mwili wake, mtoto mbele, sisi watatu tumepangana. "Hema pamoja na mimi," alisema. Nilihema pamoja naye. Nikalegea. Kibet alilala. Tulirudi nyumbani, naye akaendelea kuja asubuhi kwa wiki nyingine tatu, mpaka siku alipomfungua mtoto akampapasa mgongo na kusema, "Huyu sasa ananitoa jasho. Amemaliza."

Kuhusu uongo wangu hakusema tena kitu, wala hakumwambia mtu. Ila tangu hapo gunia langu kituoni lilikaguliwa kuliko la mtu yeyote. Kwa wengine mkono uliishia kwenye kiwiko. Kwangu ulifika kwapani. Sikulalamika.

Mwezi uliopita tulisikia anastaafu. Alasiri ya siku yake ya mwisho nilipanda na gunia langu, Kibet akinitangulia, miaka sita na nusu, goti lina kidonda, mdomo hautulii. Karani amepungua mwili siku hizi. Koti la bluu linamning'inia mabegani, na kifua kile nilichokichukia kimeingia ndani.

"Mkulima!" alimwita Kibet. "Njoo nikupime kabla hawajaninyang'anya mizani."

Kibet aliruka akashika ndoano kwa mikono yote miwili, akakunja miguu, akaning'inia. Namba zikacheza, zikatulia. Foleni nzima iliona: kumi na tisa. Karani alitikisa midomo.

"Kumi na nane," alitangaza.

Watu wakacheka, wakijua ni mazoea. Kibet aliruka chini amekasirika. "Karani, imesoma kumi na tisa! Mimi nimeona!"

"Natoa moja."

"Lakini mimi sina gunia!"

"Najua huna." Hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akinitazama mimi. "Hiyo moja ni yangu."

Nilifungua mdomo nibishe. Kisha nikainua gunia langu, nikalitundika kwenye ndoano.